Msichana wa Mlango kwenye Ukuta wa Mwaitu

Mama yangu, ambaye sote tulimwita Mwaitu kama Wakamba wanavyowaita mama zao, hakuweza kuvumilia ukuta mtupu. Nyumba yetu ya Nunguni ilikuwa ya udongo, na udongo ukiachwa uchi humwaga vumbi kwenye chakula na kuwapa kunguni pa kukaa. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya Krismasi, Mwaitu alipika sufuria ya uji mzito wa unga wa mahindi, akaupoza, akachovya kitambaa, akapaka ukuta na kubandika magazeti. Mwaka uliofuata alibandika mengine juu ya yale ya zamani. Hakujua kusoma, na hakuona sababu ya gazeti kuwa na juu na chini. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa nimepinda shingo, na hadi leo mtu akiniwekea gazeti kichwa chini miguu juu nalisoma bila taabu. Hiyo ndiyo faida pekee niliyoipata kutoka kwa ukuta ule. Kwa mengine yote, mimi na ukuta tuna kesi.

Katika miaka ya themanini nilikuwa nikifundisha historia katika shule ya harambee, iliyojengwa kwa michango ya wazazi, karibu na soko la Nunguni. Tukaletewa mwalimu wa hesabu kutoka Japani, kijana mwembamba aliyekuja kujitolea. Kwao alikuwa mchoraji wa hadithi za picha, zile wanazoziita manga. Kwanza aliwasaidia wachoraji wakubwa, kisha akahamia mahali wanapotengeneza filamu za katuni. Alinieleza kwamba alikuwa amechora mvua nyingi mno hata akachoka nayo, ndiyo maana alifurahi kusikia anapelekwa Ukambani, kwenye ukame. Hakuna aliyemwambia kwamba milima yetu ina ukungu unaoingia hadi darasani.

Aliendelea kuchora jioni baada ya masomo, eti kwa mazoea tu. Siku moja nilimkuta nje ya nyumba yake akiwasha jiko kwa karatasi nyeupe nzito zenye picha.

"Unachoma nini, mwalimu?" nikamuuliza.

"Makosa," akasema.

Nilizivuta kutoka mdomoni mwa moto kwa mikono mitupu. Sijawahi kuwa mtu wa sanaa, lakini nilipozitazama nilishikwa. Alikuwa amenionyesha vitabu vilivyochapishwa vya kwao, na ndani yake kila mstari umekaa sawa, kana kwamba mchoraji hajawahi kusitasita. Lakini hizi zilikuwa zenyewe, zilizotoka chini ya mkono wake. Uliona penseli ya buluu aliyoanzia, hafifu, chini ya wino. Uliona alipopaka rangi nyeupe kufuta mkono uliokuwa umekaa vibaya, akachora mwingine juu. Uliona kipande cha karatasi alichokibandika kwa gundi ili kuficha uso asioupenda. Mtu alikuwa anafikiri mbele yako. Nilimwambia kuanzia siku hiyo makosa yake yote ayalete kwangu, na kuni za jiko nitamletea.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kukusanya, na hivyo ndivyo nilivyoanza kuteseka. Jaribu kumweleza mtu wa kwetu kwamba karatasi yenye madoa ni bora kuliko kitabu kisicho na doa. Walimu wenzangu walidhani nimepungukiwa na akili. Mjapani aliwahi kunipa plastiki moja ya zile zinazotumika kwenye filamu, nyembamba, inayopitisha mwanga, imepakwa rangi kwa nyuma: ndege juu ya mlima. Niliiacha mezani kwa Mwaitu nikaenda kuwaita ng'ombe. Niliporudi, dada yangu alikuwa ameisugua kwa majivu hadi ikang'aa, akaitumia kulifunika jalada la kitabu chake cha nyimbo.

"Ilikuwa na uchafu huku nyuma," akaniambia, tena kwa fahari. "Nimeutoa wote."

Nilikwenda kumshtakia Mjapani. Alicheka hadi akakaa chini. Akasema hata kule kwao waliziosha ili zitumike tena, na nyingine walizitupa mapipani. Nikaona nimezungukwa pande zote na watu wasiojua wanachokishika, na mkubwa wao ndiye aliyekitengeneza.

Katika michoro yake ilikuwapo hadithi moja ndefu, na hiyo ndiyo iliyoniteka. Msichana anaishi na nyanya yake kando ya mto. Mafuriko yanabeba nyumba yao na nyanya yake, unabaki mlango tu. Msichana anaufunga mlango mgongoni kwa kamba na kuanza kutembea nchi nzima akitafuta nyumba ambayo mlango huo utaenea. Watu wanamcheka. Wengine wanataka kuununua waufanye meza. Usiku anausimamisha uwanjani, anabisha, anaufungua, anapita, kisha analala upande wa pili. Tuna methali isemayo nyumba njema si mlango, lakini aliyeitunga alikuwa na nyumba. Nilisoma hadithi ile kutoka kulia kwenda kushoto, kama alivyonifundisha, nikafika karatasi ya mwisho na kumkuta msichana bado yuko njiani.

"Mwisho uko wapi?" nikamuuliza.

"Sijui. Nimechora miisho mingi. Yote ya uongo. Hiyo nimechoma kweli."

Muda wake ulipokwisha alinikabidhi rundo lote, limefungwa kwa kitambaa, akaniinamia kama wafanyavyo kwao. Hakuwa na nakala nyingine popote. "Nikijua mwisho nitarudi," alisema. "Kaa nazo pamoja. Zikitengana, hadithi imekufa." Nikaahidi. Mimi si mtu wa kuahidi ovyo, na ahadi ile niliibeba kama yai.

Basi serikali, ambayo haijawahi kuniuliza chochote, ikanihamisha hadi Nuu, huko Kitui, mwendo wa siku nzima na vumbi lake. Nuu ni kuzuri kwa mbuzi, lakini ni nchi ya mchwa. Wiki ya kwanza walikula kitako cha sanduku langu na nusu ya suruali. Nikafikiri kama mtu mwenye akili: Nunguni kuna baridi, mchwa ni wachache, na chini ya kitanda cha Mwaitu kuna sanduku la bati linalofungika vizuri. Nikasafiri nazo hadi nyumbani. Nikafungua sanduku, nikakuta ndani magazeti yaliyopangwa vizuri, makavu, bila hata alama ya panya. Nikazilaza picha zangu juu yake.

"Mwaitu," nikasema, "nichungie hizi karatasi."

"Nitazichunga," akasema.

Mtu yeyote aliyelelewa katika nyumba ile angejua sanduku lile lilikuwa la kazi gani. Nililelewa mle.

Mwaka huohuo dada yangu alipata mchumba, na wakwe wakatuma habari kwamba wanaleta mbuzi wa ntheo, wale ambao kwetu wakishapokelewa msichana amekwisha kuwa wa watu. Nilichelewa kutoka Nuu. Nilifika wageni wamekwisha kuketi sebuleni, soda mikononi, na mbuzi wakilia nje. Nikaingia nikiwa na tabasamu la kaka mkubwa, nikainua macho ili nisalimie wazee.

Kuta zote nne zilikuwa msichana wa mlango. Alikuwa juu ya dirisha na chini ya dirisha. Alikuwa nyuma ya kabati akichungulia nusu. Mahali pengine alitembea miguu ikiwa hewani. Mafuriko yalikuja baada ya safari, nyanya alikufa kisha akaonekana anapika, na karatasi zilizokutana na dirisha zilikuwa zimekatwa kwa makasi kufuata fremu, kwa uangalifu mkubwa, kazi safi kabisa. Msemaji wa wageni, mzee mwenye koti na kichwa kilichopakwa mafuta, alikuwa ameegemeza kichwa hicho juu ya karatasi niliyoipenda kuliko zote.

Ningefanya nini? Kwenye ntheo kaka wa bibi harusi hapigi kelele. Nilikaa. Nilishika soda yangu. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nilikuwa mwenyeji na nilikuwa nakufa.

Mazungumzo yenyewe hayakwenda, kwa sababu wageni walikuwa wakitazama kuta. Mwishowe shangazi wa bwana harusi, mama mnene mwenye sauti, akauliza, "Huyu msichana amebeba nini?"

"Mlango," mtu akajibu.

"Anaupeleka wapi?"

"Uliza huyu mwalimu," akasema Mwaitu, akaninyooshea kidole kwa furaha. "Ni zake. Yeye ndiye anajua."

Ikabidi nisimame mbele ya ukoo mzima wa watu na kuisimulia, nikivuka chumba huku na huku kutafuta kinachofuata, maana kingine kilikuwa mlangoni na kilichofuata kilikuwa nyuma ya mzee. Nilimwomba asogeze kichwa. Nilisimulia kwa hasira, na nadhani hasira iliinogesha, maana waliacha hata kunywa soda zao. Nilipomaliza, shangazi akangoja.

"Halafu?"

"Basi. Haina mwisho."

"Hadithi gani hiyo haina mwisho? Umetuweka hapa bure, mwalimu. Huyu mtoto alifika ama hakufika?"

Nikasema sijui. Alinitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa.

Wageni walipokwenda kuonyeshwa shamba nilimfuata Mwaitu jikoni.

"Mwaitu, nilikuambia uchunge zile karatasi."

"Na si nimechunga? Ziko hapo zote, hata moja haijapotea. Ni nani ataiba ukuta?"

"Umezikata."

"Kidogo tu, pale kwa dirisha. Karatasi yako ni kubwa na ukuta uko na mwisho."

"Nyingine zimeangalia chini."

"Huyo msichana ametembea sana. Wacha ainue miguu kidogo." Alikuwa akiosha sufuria ya uji wa kubandikia, hana hata wasiwasi. "Tena karatasi yako ni nzuri kuliko ya gazeti. Nzito. Haitoboki. Ulifikiria vizuri kuniletea, na mimi nilikuwa najiuliza wageni wataona ukuta gani."

Alikuwa ananishukuru. Kwa miezi mingi alikuwa ameamini kwamba mwanawe, kwa mara ya kwanza maishani, alikumbuka ukuta wake. Nilitoka nje nikaenda kusimama na mbuzi.

Kesho yake nilijaribu kuzibandua kwa kitambaa na maji ya moto. Wino ulivumilia, lakini uji wa Mwaitu ukishakauka hauachi. Karatasi ilitoka pamoja na magazeti ya miaka iliyopita na pande la udongo, na kona moja ikabaki mkononi mwangu. Hasira hasara. Niliacha.

Tangu hapo Krismasi yangu ikawa ya ulinzi. Kila Desemba nilitoka Nuu mapema ili nifike kabla ya uji, nikasimama katikati ya sebule kama askari wa benki mpaka Mwaitu akubali kubandika magazeti jikoni na chumba cha kulala tu. Alikubali akinung'unika, huku akisema nyumba yake imekuwa ya kushangaza watu. Lakini singeweza kulinda mwaka mzima. Alipigilia msumari katikati ya mlango wa msichana akatundika kalenda ya kanisa. Moshi ukazipaka picha rangi ya chai. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuja kwa maombi ya nyumbani alisema macho makubwa namna ile si ya binadamu, afadhali yafunikwe, na hapo niliogopa kwamba dini ingemfanya Mwaitu achukue uji wake na kuzifunika zote.

"Hayo ni macho ya mtu amepoteza nyumba," Mwaitu alimjibu. "Hata wewe yako yangekuwa hivyo. Kunywa chai."

Sikujua kama nimshukuru au nimkumbushe msumari.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini kadi ikanifikia Nuu. Mjapani ameujua mwisho. Anakuja Agosti. Hakuuliza kama picha zipo. Kwa nini aulize, na mimi niliahidi? Nilifikiria kumwambia mchwa walizila. Ungekuwa uongo mzuri, na Nuu ingenitolea ushahidi. Lakini angetaka kwenda kumsalimia Mwaitu, kwa sababu alipokuwa kwetu alikula muthokoi wake, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kila Jumamosi, na ukuta ungemwambia.

Alikuja akiwa na mvi kidogo na bahasha ngumu ya kadibodi chini ya kwapa. Tulikutana sokoni. Kabla hatujaanza kupanda mlima kwenda nyumbani aliifungua, akanipa karatasi moja niishike.

Msichana amefika kwenye nyumba ya udongo katika ukungu. Ameutua mlango na kuutia kwenye nafasi yake, umeenea. Umefunguka, na kupitia pale unaona ndani: moto, sufuria, na kuta zilizojaa magazeti yaliyosimama kwa kichwa.

"Nilitafuta sana nyumba," alisema. "Halafu nilikumbuka hayo magazeti."

Niliishika kwa ncha za vidole. Ilikuwa safi. Penseli ya buluu, rangi nyeupe, wino, na hakuna tone la uji. Njia nzima nilikuwa nikijiambia: hii moja itakuwa yangu, hata zile zingine zikiwa zimekwenda. Kisha nikamweleza kuhusu ukuta, kwa maneno machache, nikitazama miguu yangu.

Tulipoingia alimwinamia Mwaitu, kisha akaanza kuzunguka chumba, polepole, kutoka kulia kwenda kushoto, akarudi, akapinda shingo, akatoa kalenda, akagusa tundu la msumari. Nilingoja alie, au anipige. Kwa kweli ningependelea anipige.

Akageuka kwa Mwaitu. "Mama, uji uko?"

"Wa kunywa ama wa ukuta?"

"Wa ukuta."

Hapo ndipo nilipoikumbatia ile karatasi kifuani kama mtoto wa shule. "Hii hapana," nikasema. "Mchukue zote, lakini hii iacheni. Ni ya mwisho. Haijaguswa."

"Mwalimu," akasema, bila ukali, "nilikuambia zikae pamoja. Zimekaa pamoja. Huyu ametembea miaka yote na mlango mgongoni. Sasa amefika, wewe unataka kumweka kwa sanduku?"

Nikampa. Wakanituma unga.

Nafasi waliyoichagua ilikuwa kando ya mlango wetu, palipokuwa na kipande cha gazeti. Mwaitu akapima kwa mkono. Karatasi ilizidi upana wa kidole. Akachukua makasi, na mimi nikamtazama Mjapani nikisubiri aseme neno, maana ni kazi ya mikono yake. Aliinamisha kichwa kwa adabu, kama anayepewa baraka. Mwaitu akakata. Ukanda mwembamba ukaanguka sakafuni, na nikauokota kabla haujafagiwa kuingia motoni. Una mstari wa penseli ya buluu na doa la rangi nyeupe. Nilimuuliza Mjapani alikosea nini pale. Akaugeuzageuza, akasema amesahau, kisha akaniomba nishike kona ya karatasi kwa kuwa mikono yangu haikuwa na kazi. Uji ukanitiririka ndani ya shati.

Huo ukanda ndio mkusanyo wangu wote. Nilikaa nao Nuu ndani ya kopo dogo la chai lenye kifuniko, na kila mtu nyumbani alijua kwamba sisafiri bila kopo hilo mfukoni.

Karibu na mwisho wa miaka ya tisini mvua kubwa ilinyesha na ukuta ule ukalainika, ukaketi chini wenyewe mchana, Mwaitu akiwa shambani. Nilipofika, udongo na karatasi vilikuwa uji mmoja. Hakikubaki hata kipande cha kushika. Fremu ya mlango tu ndiyo ilikuwa imesimama, na mlango ndani yake, umefungwa.

Dada yangu na mumewe walikuwa wamemjengea Mwaitu nyumba ya matofali upande wa juu wa shamba, haijatiwa milango. Mwaitu akasema mlango wake hauachwi kwenye matope. Mkokoteni haukuweza kupanda. Basi tukaung'oa, wakaufunga kwa kamba mgongoni mwangu, mtu mzima, wakati huo tayari mwalimu mkuu, na nikaupanda mlima kwenye matope huku Mwaitu akinifuata nyuma akisema nisiugonge kwenye mti, na majirani wakitoka kutazama. Hakuna aliyeniuliza naupeleka wapi.

Uliingia kwenye nafasi yake baada ya kurandwa kidogo. Ukutani, kando ya fremu, kulibaki ufa mwembamba wa kupitisha upepo. Mwaitu akauona, akapotelea jikoni, akarudi na sufuria na kitambaa. Akaninyooshea mkono.

"Hapana," nikamwambia. "Mwaitu, hapana."

Akaendelea kunyoosha mkono. Nikatoa lile kopo mfukoni. Lakini kitambaa nilimnyang'anya, nikapaka uji mwenyewe, nikabandika mwenyewe, penseli ya buluu ikiwa juu. Kama hajatundika kalenda, ukija utaiona.